Nililipa elfu sitini kujifunza kukata maneno ya Kiingereza

Kilichonipeleka darasani ni Panado.

Ilikuwa Julai, wageni wamejaa mji, na famasi ninayofanyia kazi hapa Moshi inapokea wapanda mlima kutwa nzima. Wanaokwenda wanataka dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlimani, wanaorudi wanataka plasta za malengelenge na kitu cha maumivu. Akaingia mama mmoja wa Kimarekani, uso umebabuka kwa jua, mkono uko kwenye paji la uso. Akatamka neno refu lililoanza na "asita". Sikusubiri limalizike. Nina miaka minne kwenye kaunta ile, mgeni akianza na "asita" mimi nageukia rafu ya acetazolamide, maana ndiyo wanayoiulizia kabla ya kupanda. Nikamwekea pakiti mbele yake. Akaitazama, akanitazama, akalirudia neno lake taratibu kama anayemsemesha mtoto. Nikamsogezea pakiti karibu zaidi.

Bosi wangu, mama mfamasia, alikuwa nyuma anahesabu mzigo. Akachungulia, kalamu sikioni. "Binti, mpe Panado huyo."

Mama wa watu alikuwa anaomba acetaminophen, ndivyo Wamarekani wanavyoiita paracetamol. Herufi tano za mwanzo ni zilezile za acetazolamide, na mimi nilikuwa mtu wa kusikia mwanzo na kukisia mwisho. Bosi hakunigombeza mbele ya mteja. Jioni wakati wa kufunga hesabu akaniambia kazi ya dawa haina kukisia, halafu akanionyesha kwenye simu tangazo la darasa la matamshi: "Jifunze kusoma neno lolote la Kiingereza, hata liwe refu kiasi gani." Elfu sitini, Jumamosi sita, saa nane mchana hadi saa kumi na nusu.

Kituo sikitaji jina. Mwenye kituo na bosi wangu wanasali jumuiya moja, na si yote nitakayosema hapa ni ya kusifu.

Nianze na chumba, nikimalize. Ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba, madirisha mawili. Tangazo liliahidi wanafunzi kumi, tulikuwa ishirini na wawili kwa viti kumi na nane, waliochelewa walikalia ndoo za rangi zilizogeuzwa. Chini yetu kuna fundi wa kuchomelea mageti. Sasa fikiria unafundishwa kutofautisha sauti ndogondogo huku grainda inalia chini ya miguu yako. Mwalimu alikuwa anasubiri ikome, anasema neno lake haraka, inaanza tena. Mtu wa masikio mazito asiende, au awahi dawati la mbele.

Mwalimu mwenyewe ni mzee mstaafu wa sekondari. Siku ya kwanza aliingia na kopo kubwa la maziwa ya unga, tukadhani ni chai. Akalimwaga mezani: vizibo vya soda, mamia. Akatugawia kila mmoja kiganja, akasema tupange neno "mtu", kizibo kimoja kwa kila silabi.

Zaidi ya nusu ya darasa tuliweka kizibo kimoja. Mimi pia. Akapita kati ya madawati akiongeza cha pili bila kusema kitu. M-tu. Ile m imesimama peke yake, haina irabu, lakini ni silabi kamili, na juu ya hayo ndiyo inayobeba mkazo. Vivyo hivyo m-bwa, n-chi. Tumezaliwa na maneno haya na hakuna kati yetu aliyewahi kuyahesabu. Kisha akatupa "barabara", akataka tugeuze juu chini kizibo cha silabi yenye mkazo. Wa kwangu ulikaa kwenye ya tatu, ba-ra-BA-ra, inapopita magari. Jirani yangu aligeuza cha pili, ba-RA-ba-ra, kama kazi iliyofanyika barabara. Wote tulikuwa sahihi. Vizibo vilevile vinne, kilichobadilika ni kipi kimelala chali.

Jumamosi nzima ile hatukugusa neno hata moja la Kiingereza na baadhi walinung'unika ngazini kwamba hela yao imeliwa. Mimi naiona ndiyo Jumamosi bora kuliko zote. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na ulimi wetu umeizoea kanuni hiyo kiasi kwamba tunaipeleka kila mahali, hata kwenye lugha isiyoijua. Mimi acetazolamide nilikuwa naisoma a-se-ta-zo-la-MI-de. Silabi saba, mkazo wa pili kutoka mwisho, Kiswahili safi. Mwenye lugha anaisema kwa silabi sita, ile e ya mwisho haina sauti kabisa, "mide" inasikika kama "maid" ukiisoma Kiswahili, na mkazo uko kwenye ZO. Hapo wala sikuwa nimekosea herufi hata moja.

Wiki ya pili ndiyo ilikuja acclimatization. Darasani tulikuwa na waongoza watalii wanne na mgumu mmoja, yaani mpagazi wa mlimani, aliyekuwa anajiandaa kwa usaili wa kuwa mwongozaji. Hili ni neno lao la kila siku: ndilo wanalotumia kumweleza mgeni kwa nini asikimbilie kilele cha mita 5,895 kwa siku nne, mwili uzoee hewa kwanza. Mmoja wao, kaka wa makamo mwenye miaka kumi na kitu mlimani, alilitamka alivyozoea: a-kli-ma-ti-ze-SHE-ni. Vizibo saba. Mwalimu akamwambia, "Kaka, anza na mtoto wake."

Akampa climate. Vizibo viwili, CLI-mate, cha kwanza kimegeuzwa, na "mate" ile inamezwa, inakuwa "mit". Akaongeza kichwa na mkia, acclimatize: ac-CLI-ma-tize, vizibo vinne, mkazo bado uko kwenye CLI. Kisha akachomeka -ation. Ac-cli-ma-ti-ZA-tion. Vizibo sita, kwa sababu -tion ni kizibo kimoja tu, "shen", si ti-on. Kile kizibo cha CLI alikirudisha kifudifudi kwa kidole, polepole, akageuza cha ZA.

Yule kaka alikaa kimya akitazama meza. Baadaye akasema miaka yote hiyo hakuwahi kuona kwamba ndani ya neno lake kuna climate, hali ya hewa. Namwelewa. Mkazo ukihama, ile sehemu uliyoijua inafifia, sauti yake inabadilika, hata sikio linashindwa kuitambua. Ni kama kumwona jirani yako wa kila siku akiwa amevaa suti.

Kuanzia hapo darasa likawa la mikia. Kumbe nilikuwa nadhani Kiingereza hakina sheria yoyote, kila neno mkazo unapojisikia. Sheria zipo, ila usizitafute mwanzoni mwa neno. Nasi tunahesabu kutoka nyuma: PI-ka, pi-KI-a, pi-ki-A-na, mkazo unasogea kila tukiongeza kitu. Tofauti ni kwamba sisi tuna kanuni moja kwa maneno karibu yote, wao kila mkia una amri yake. Mkia -tion unautupa mkazo kwenye silabi iliyo kabla yake. Mkia -ic vilevile. Mkia -eer unajichukulia wenyewe, engi-NEER. Mwalimu alinipa familia ya kazini kwangu niipange: PHAR-ma-cy, PHAR-ma-cist, phar-ma-CO-lo-gy, phar-ma-CEU-ti-cal. Mistari minne ya vizibo, na kwenye mistari miwili ya mwisho kilichogeuzwa kimehamia kulia. Nilizipiga picha, bado ziko kwenye simu.

Lililonisaidia kuliko yote ni dogo: allergy na allergic. La kwanza AL-ler-gy, la pili al-LER-gic. Kila siku tunawauliza wageni kama wana mzio wa dawa yoyote, na mimi nilikuwa nasema yote mawili kwa mkazo mmoja. Mgeni anakunja uso, narudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lake ni uziwi.

Kuhusu -ic, dada mmoja wa kwaya aliuliza, mbona Catholic ni CA-tho-lic? Mwalimu akacheka, akakubali: hilo limeasi, na politics nalo, na arithmetic ya hesabu. Hakujifanya ana jibu. Nilimpenda hapo.

Kamusi nayo ina mtego wake ambao alitutegulia kwa dakika tano tu, nami ningelipia hata hizo peke yake. Kile kialama kidogo kama msumari kwenye kamusi nyingi za wanafunzi za Uingereza kinawekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Mimi tangu kidato cha kwanza nilikisoma kama kimewekwa baada yake. Maana yake kila neno nililojifunza mwenyewe kwa kamusi nililijifunza kinyume, kwa bidii kubwa.

Wiki ya nne ilitukanganya wote, nayo ndiyo ninayoifikiria mpaka leo. Mwalimu aliandika "anapika" ubaoni mara mbili. Mara ya kwanza akakata a-na-pi-ka. Mara ya pili a-na-pik-a. Akauliza ipi ni sahihi. Waliopita kidato cha nne walikumbuka mofimu, vile vipande vya neno vyenye maana: ya kwanza ni ya mdomo, ya pili ni ya maana, mzizi ni pik na ile a ya mwisho inajitegemea. Visu viwili, neno moja, na mikato haiangukii mahali pamoja. Basi akaandika helicopter. Kwa mdomo ni he-li-cop-ter, wala hakuna ubishi. Kwa maana, je? Darasa zima tulisema heli na copter. Hapana. Ni helico na pter, maneno ya Kigiriki, mzunguko wa parafujo na bawa. Ile p ambayo mdomo unaiacha upande wa kushoto, maana inaidai upande wa kulia.

Ila wenye lugha wenyewe walilikata vibaya, ndiyo maana leo wana helipad, na hamburger iliyotoka kwenye jina la mji wa Hamburg wameikata wakapata cheeseburger. Mgumu wetu akasema, "Kama sisi na kipilefti." Kweli kabisa. Keep left ya Waingereza tuliipokea, tukaona ki- mbele yake, tukasema hii ni ya kina kitu na vitu, tukaizalisha vipilefti. Ukipita pale Mnara wa Saa unazunguka kosa la ukataji ambalo limekuwa Kiswahili fasaha. Darasa lilicheka sana siku ile, hata grainda hatukuisikia.

Sasa niingie kwenye lawama, na kubwa iko wiki ya tano.

Wiki ya tano ni ya vipande vya maneno ya hospitali, kwa sababu kituo kinawalenga pia vijana wa vyuo vya afya. Tulipewa kitini. Mambo mengi yalikuwa mazuri: hyper ni juu ya kiasi, hypo ni chini ya kiasi, na tofauti ya herufi mbili tu inaweza kumgeuza mgonjwa wa sukari iliyopanda kuwa wa sukari iliyoshuka. Lakini katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na mstari huu: -azole, dawa za fangasi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Samahani Mwalimu, metronidazole ndiyo ile Flagyl, watu wanapewa kwa amiba. Omeprazole ni ya asidi ya tumbo. Albendazole ni ya minyoo. Zote zinaisha na azole." Akaitazama karatasi, akanitazama, akanipa kalamu ya ubao. Mimi nikasimama pale nikagundua kwamba najua kosa lakini sijui jibu.

Jumatatu nikamuuliza bosi. Alinieleza huku anapanga rafu, wala hakugeuka. Majina ya asili ya dawa, yasiyo ya kampuni, hayaokotwi. Yanapitishwa na Shirika la Afya Duniani, orodha ya kwanza ilitoka mwaka 1953, na mkia wa jina unatakiwa uonyeshe ukoo wa dawa. Ukikata kwenye -azole umekata karibu mno na mwisho. Unachopata ni pete ya kikemia, si kazi ya dawa. Rudi nyuma silabi moja. Fangasi ni -conazole: fluconazole, ketoconazole. Flagyl na ndugu zake ni -nidazole. Za asidi ni -prazole. Za minyoo ni -bendazole. Akanitajia na nyingine, -cillin, -olol, -pril, nikawa nageuza maboksi kuangalia migongo yake kama mtu aliyeajiriwa jana. Miaka minne nimezishika hizi dawa na zilikuwa zimeandikwa ukoo wao usoni.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliniachia dakika ishirini nieleze, naye akafuta ule mstari kwenye nakala yake kwa kalamu nyekundu. Heshima kwake. Lakini wiki mbili baadaye nilikuta kitini cha kundi jipya kwenye duka la fotokopi, na mstari uko palepale. Kituo kinamuuzia mwanafunzi kitini hicho shilingi elfu tano juu ya ada, kimefifia upande wa kushoto kiasi kwamba viambishi awali vyote unavikisia. Kwa kijana wa chuo cha afya anayekariri, mstari ule si utani. Mwalimu anajua lugha. Anayetunga ukurasa wa dawa angemwita mtu wa dawa ausome hata mara moja.

Lawama ya pili ni sauti. Matamshi yote tuliyosikia ni ya Mwalimu mmoja, na yeye mwenyewe alikiri kwamba Kiingereza chake ni cha shule za zamani za hapa nyumbani. Aliturushia sauti kwenye kundi la WhatsApp, zilisaidia, lakini nyingi zilirekodiwa akiwa ndani ya daladala. Mgeni wa kweli hasemi hivyo. Anameza. Zile silabi zisizo na mkazo anazipitia juu juu, zote zinakuwa sauti moja fupi, kama mguno wa mtu anayejitwisha ndoo. Jambo hili lilistahili Jumamosi nzima, likapewa nusu saa.

Hata hivyo nusu saa ile ndiyo iliyonilipa. Nilikwenda nikitaka kusema vizuri, nikarudi nasikia vizuri, na kwa kazi yangu la pili ndilo kubwa. Zamani nilikuwa nadaka mwanzo wa neno. Sasa naacha mwanzo upite, nasubiri ile silabi iliyogeuzwa chali. Acetaminophen, nasikia MI. Acetazolamide, nasikia ZO. Septemba alipiga simu mgeni kutoka hotelini, mtandao unakatika, sikusikia chochote isipokuwa "NAI" na "dazol". Ilitosha. Nikamwambia tunayo metronidazole, ila aje na cheti cha daktari.

Na kusema? Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kiingereza aliniuliza dawa ya kupandia mlima. Nikajiweka sawa, nikamtamkia a-si-ta-ZO-la-maid kama mtangazaji wa BBC. Akanikazia macho. "Diamox?" Halijui jina lingine ila la kampuni. Bosi alicheka mpaka akakaa.

Kwa hesabu yangu, elfu sitini ni haki kwa wiki nne za kwanza, na ningeenda tena kwa ajili ya vizibo peke yake. Ya tano nenda na kalamu nyekundu. Nyota tatu na nusu kwa tano, na ile nusu ni ya kopo la maziwa.

Ya sita tulifanya mtihani, tukapewa vyeti. Changu kimepigwa lamineti, kina muhuri na jina langu limeandikwa bila kosa. Chini yake, kwa herufi za dhahabu, kinasema nimehitimu "English Pronounciation". Pro-nun-ci-A-tion, vizibo vitano, na cha pili ni nun. Ile o ya pili ya pronounce inaachwa njiani mkia ukija, ni mfano wa Mwalimu mwenyewe wa wiki ya tatu. Nilikirudisha ofisini. Dada wa mapokezi akakisoma mara mbili, hakuona kitu, akaniambia kuchapisha upya ni elfu tatu.

Kiko kwenye droo ya kaunta, chini ya kitabu cha risiti.